Chema Chajiuza? Fedha ya Umma na Sauti ya Wachache

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imezaliwa sokoni, na huko sokoni haina mpinzani. Mwenye maembe matamu hana haja ya kupiga kelele. Wanunuzi watamfuata hata akijificha nyuma ya mti. Lakini je, kila kilicho chema ni embe? Lugha ya watu wachache, hadithi zao, mzaha wao na sura zao katika kioo cha televisheni, navyo ni vitu vya kuachwa vijiuze vyenyewe? Au yako mambo yaliyo mema kweli kweli, ambayo yakiachwa sokoni peke yake hufa kabla ya jua kuchwa, si kwa ubaya wake bali kwa uchache wa wenyewe?

Katika makala haya tumekusudia kulichungua swali hilo kwa kufuata mfano wa nchi ya mbali, yaani Kanada, ambako fedha ya umma hutolewa ili wasemao Kifaransa wanaoishi nje ya jimbo la Quebec wapate kutengeneza vipindi vyao wenyewe vya televisheni. Tumechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Jambo la nyumbani humtia mtu hamaki kabla hajafikiri. Jambo la mbali humpa nafasi ya kupima kwa mizani iliyotulia. Akisha kupima ya mwenzake, na ya kwake atayaona.

Kwanza hatuna budi kuwafahamu watu wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba Kifaransa cha Kanada ni cha Quebec tu. Sivyo. Nje ya Quebec wako watu kiasi cha milioni moja ambao Kifaransa ndiyo lugha rasmi waliyoishika kwanza. Wako Waakadia wa New Brunswick na majimbo mengine ya pwani ya mashariki. Wako wa Ontario, katika mji wa Ottawa na katika miji ya machimbo kama Sudbury. Wako wa Manitoba na nyika za magharibi. Waakadia walianza kung'olewa katika nchi yao mwaka 1755 kwa amri ya wakuu wa Kiingereza, wakatiwa merikebuni na kutawanywa pwani kwa pwani. Waliopo leo ni uzao wa waliojificha na wa waliorejea. Katika Manitoba, sheria ya mwaka 1890 ilikiondolea Kifaransa hadhi yake, na mwaka 1916 shule za lugha mbili zikafutwa. Katika Ontario, Kanuni ya 17 ya mwaka 1912 ilizuia Kifaransa kisitumike kufundishia baada ya miaka miwili ya mwanzo ya shule.

Tuwakumbushe walimu wenzetu kisa kimoja cha wakati huo. Mjini Ottawa walikuwako mabinti wawili wa baba mmoja, Béatrice na Diane Desloges, walimu wa shule ya Guigues. Walikataa kuifuata Kanuni ya 17, wakaendelea kufundisha kwa Kifaransa ijapokuwa walikatazwa. Mwanzoni mwa mwaka 1916 kina mama wa watoto waliilinda shule ile kwa zamu, na silaha yao ilikuwa zile pini ndefu ambazo wanawake wa siku hizo walifungia kofia zao. Kanuni ile ilikuja kulegezwa mwaka 1927. Lakini kati ya 1912 na 1927 ni miaka kumi na mitano, na katika muda huo mtoto huingia shule, akatoka, akaoa. Kilichovunjika katika kizazi kimoja hakiungiki kwa tangazo la siku moja.

Tunalitaja jambo hili mapema kwa kuwa lina uzito katika hoja yetu. Uchache wa watu hawa haukuwa kama mvua au ukame, jambo lisilo na mwenyewe. Kwa sehemu kubwa uliongezwa kwa kalamu ya serikali.

Sasa tuitazame njia ya fedha yenyewe. Televisheni ya Kifaransa ilianza Montreal mwaka 1952 chini ya shirika la umma, Radio-Canada. Mwaka 1969 Bunge la Kanada lilipitisha Sheria ya Lugha Rasmi, na mwaka huohuo New Brunswick ikajifanya jimbo la lugha mbili; hadi leo ni jimbo pekee lenye hadhi hiyo. Mwaka 1983 serikali ilianzisha mfuko wa kusaidia vipindi vya watayarishaji binafsi. Mfuko huo ulipita katika majina kadhaa, na tangu mwaka 2010 unaoshika kazi hiyo ni Mfuko wa Vyombo vya Habari wa Kanada, ambao umekuwa ukigawa zaidi ya dola milioni 300 za nchi hiyo kwa mwaka. Fedha yake hutoka katika visima viwili: hazina ya serikali, na kampuni zinazopeleka matangazo majumbani kwa nyaya na setilaiti, ambazo zimelazimishwa kutenga sehemu ya mapato yao kwa ajili ya vipindi vya nchi. Kiasi cha theluthi moja huenda kwa vipindi vya Kifaransa na theluthi mbili kwa vya Kiingereza. Ndani ya fungu la Kifaransa limetengwa fungu dogo kwa watayarishaji walio nje ya Quebec. Wasemao Kiingereza walio ndani ya Quebec, ambao huko ndio wachache, nao wana fungu lao.

Mtayarishaji haendi mfukoni mikono mitupu. Kwa kawaida sharti kwanza kituo cha televisheni kikubali kukionyesha kipindi chake na kukilipia ada. Ndipo mfuko uongeze, na unafuu wa kodi wa serikali kuu na wa jimbo ujazie. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa njia kama hiyo zilipatikana tamthilia kama *Belle-Baie*, iliyoanza mwaka 2008 na kupigwa picha katika nchi ya Waakadia huko Caraquet, na *Météo+*, ya mwaka huohuo, iliyotengenezwa Sudbury kwa ajili ya TFO, kituo cha umma cha Kifaransa cha Ontario.

Hapo ndipo anaposimama mwenye methali yake na kuuliza: ikiwa vipindi hivyo ni vyema, mbona havijiuzi? Na ikiwa havijiuzi, kwa nini mlipa kodi wa Vancouver, asiyejua neno la Kifaransa, alipie mchezo asioutazama?

Swali hili si la kudharauliwa. Sisi tuliokaa miaka mingi katika ofisi za serikali, tukitia sahihi hati za malipo, tunajua kwamba kila senti inayotoka hazina ilitoka kwanza katika jasho la mtu, na mtu huyo ana haki ya kuambiwa imekwenda wapi. Kwa hiyo tusimjibu kwa maneno matamu. Tumjibu kwa hesabu.

Saa moja ya tamthilia ina gharama zake: waigizaji, wapiga picha, taa, nguo, chakula cha watu sitini wanaoshinda katika baridi. Gharama hiyo haipungui kwa sababu watazamaji ni wachache. Anayewatengenezea watu milioni mia tatu huigawa gharama yake kwa milioni mia tatu. Anayewatengenezea milioni moja huigawa kwa milioni moja, tena waliotapakaa katika nchi ambayo upana wake ni safari ya siku kadhaa kwa gari moshi. Sokoni, basi, wawili hawa hawashindani kwa wema wa bidhaa. Wanashindana kwa wingi wa majirani.

Zaidi ya hayo, yuko shahidi ambaye mwenye methali hakumtarajia, naye ni Mkanada asemaye Kiingereza. Huyu ni mwingi nyumbani kwake, lakini mpakani amepakana na Marekani, ambayo vipindi vyake huvuka kama upepo, na kununua kipindi kilichokwisha lipiwa kwao ni rahisi mno kuliko kutengeneza kipya. Ndiyo maana theluthi mbili za mfuko ule humwendea yeye. Kumbe walio wengi nao hawajiuzi! Wanakula katika chungu kilekile. Basi aliyenyoosha mkono chunguni hana uso wa kumwambia mwenzake kwamba chema chajiuza. Wingi na uchache ni habari ya mahali uliposimama.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa hutoka kwa rafiki. Husemwa: Quebec ina vituo vikubwa vya Kifaransa, ina waigizaji mashuhuri, na matangazo yake hufika kila mahali. Wa Ontario na New Brunswick wana haja gani ya vyao? Si watazame vya ndugu zao?

Sisi tulio watunzi wa mashairi tunalielewa jibu la swali hili kwa mioyo yetu kabla ya vichwa. Lugha si sauti tu. Ni sauti ya mahali. Kifaransa cha Caraquet kina maneno ya bahari na mafumbo ya wavuvi. Cha Sudbury kimekua shimoni, kikichanganyika na Kiingereza cha wachimbaji. Mtoto wa huko akifungua televisheni akaona daima madaraja ya Montreal, msongamano wa magari wa Montreal na mabishano ya halmashauri ya Montreal, atajifunza jambo moja bila kufundishwa: kwamba lugha yake ina makao, na makao hayo si kwao. Na siku akisikia lafudhi ya bibi yake kiooni, mara nyingi atakuwa amewekewa mtu wa kuchekesha. Wenyewe wamekuwa wakilalamikia hali hiyo kwa miaka mingi, wakisema mawimbi ya hewa yamegeuzwa kuwa ya Montreal. Wamedhulumiwa na ndugu yao pasipo ndugu kujua. Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake.

Tena tuseme wazi: kutazamwa si sawa na kusema. Mwaka 1971 Michel Brault na Pierre Perrault, watengenezaji filamu wa Quebec, walitoa *L'Acadie, l'Acadie?!?*, filamu juu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moncton waliodai haki ya lugha yao. Ni kazi iliyosifika. Lakini ilikuwa kazi ya wageni wema. Mwaka 1974 Bodi ya Taifa ya Filamu ilifungua studio yake ya Kifaransa mjini Moncton, na tangu hapo Waakadia wakaanza kushika kamera wenyewe. Tofauti ya miaka ile mitatu ndiyo tofauti ya kuandikwa habari zako na kuziandika.

Hoja ya tatu haina budi kukubaliwa kwa sehemu. Wahenga haohao walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na tena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Fedha yenye uhakika yaweza kuzaa uvivu. Mtayarishaji anayejua kwamba fungu lake limetengwa mwaka hata mwaka aweza kuanza kumwandikia mwenye mfuko badala ya kumwandikia mtazamaji. Vipindi vyaweza kuwa hotuba; kila mzee akawa na hekima, kila ngoma ikachezwa vizuri, na hakuna mtu mwovu anayesema Kifaransa. Hayo yakitokea, wachache watakuwa wamepewa kioo kisichowaonyesha uso wao, ila uso wanaopaswa kuwa nao.

Dawa ya ugonjwa huu si kuifunga hazina. Dawa ni masharti yaliyo wazi: kwamba ofisa wa serikali asichague hadithi, kwamba kituo kinachokubali kipindi nacho kitoe fedha yake, ili kiumie kikichagua vibaya, kwamba watazamaji wahesabiwe kwa uwiano wa jamii yao, si kwa kulinganishwa na Toronto, na kwamba mtunzi awe huru kuwakera watu wake. Maana sanaa isiyoruhusiwa kuwakera wenyewe haiwezi kuwaheshimu pia.

Hoja ya nne ndiyo inayotugusa zaidi. Husemwa: hao wasemao Kifaransa ni wachache, lakini si wa kwanza. Babu zao walivuka bahari wakaikuta nchi ina wenyewe. Kanada ina lugha zaidi ya 70 za wenyeji wa asili, na watoto wa lugha hizo walipelekwa katika shule za bweni ambako waliadhibiwa kwa kuzisema. Na baadhi ya shule hizo zilisimamiwa na mapadri na watawa waliosema Kifaransa. Televisheni ya taifa ya wenyeji hao, APTN, ilianza mwaka 1999 tu, na sheria ya nchi juu ya lugha zao ilipitishwa mwaka 2019. Je, haki ya wachache ina ngazi, wengine wakae juu na wengine chini?

Hatuoni jibu la haki ila hili: haki anayoidai mtu kwa ajili yake humfunga yeye mwenyewe. Asemaye, "Lugha yangu isife kwa sababu sisi ni wachache," amekwisha kusema, apende asipende, kwamba lugha ya mwenzake nayo isife kwa sababu hiyo. Akidai ya kwake na kuinyamazia ya Kikrii au ya Kiinuktituti, basi alichokuwa akidai si haki, ni upendeleo.

Nasi tuna sababu ya karibu ya kulifuatilia neno hili. Miongoni mwa wasemao Kifaransa wanaohamia Ontario, Manitoba na New Brunswick katika miaka hii wamo watu wa Kongo, Burundi na Rwanda, na wengi wao nyumbani husema Kiswahili. Serikali ya Kanada ilijiwekea lengo kwamba asilimia 4.4 ya wahamiaji wapya wanaokaa nje ya Quebec wawe wasemao Kifaransa, na lengo hilo lilifikiwa mwaka 2022. Kwa hiyo darasa la Kifaransa la Winnipeg leo lina mtoto wa babu mkulima wa ngano na mtoto wa mama aliyezaliwa Bukavu. Hadithi ya "sisi" katika televisheni ya wachache itamwonyesha yupi? Ikiwa mtoto wa Bukavu atatokea kiooni kama mgeni wa kupokewa tu, hata baada ya kuishi huko miaka ishirini, wachache watakuwa wamemtendea yeye kama Montreal ilivyowatendea wao.

Sasa yatupasa kulikabili jambo ambalo watetezi wengi hulikwepa. Pamoja na sheria zote na fedha yote, idadi imeshuka. Mwaka 1971, nje ya Quebec, asilimia 6.1 ya watu walikuwa na Kifaransa kama lugha rasmi waliyoishika kwanza. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 3.3. Mwenye mizani ya sokoni atasema: mmeshindwa, fungeni duka.

Tungekuwa tumeijenga hoja yetu juu ya mafanikio peke yake, hapo ingeanguka. Televisheni haizai watoto, wala haiwezi kuchukua nafasi ya mama anayesema na mwanawe jikoni. Lakini msingi wa hoja ni mwingine, nao ni deni. Serikali iliyotumia nguvu ya sheria kuifukuza lugha shuleni haiwezi kugeuka baadaye ikasema, "Sasa wote mko sawa, shindaneni." Hilo ni sawa na mtu aliyemvunja mwenzake mguu, kisha akamwalika katika mbio na kumsifu mwamuzi kwa uadilifu wake. Mahakama ya Juu ya Kanada ililiona jambo hili. Mwaka 1990, katika shauri la Mahe lililoletwa na wazazi wa Edmonton, ilitamka kwamba haki ya shule za lugha ya wachache imewekwa ili kurekebisha makosa ya zamani. Mwaka 1999, katika shauri la Beaulac, ikasema kwamba usawa unaotakiwa ni usawa wa kweli, na kwamba haki ya lugha huitaka serikali itende, wala si kuacha tu kuzuia. Mwaka 2005 Bunge likaandika wajibu huo wa kutenda katika Sheria ya Lugha Rasmi, na mwaka 2023 likautilia nguvu zaidi.

Na kazi ya kutenda haijapungua. Watazamaji, hasa vijana, wamehamia katika huduma za filamu zipitazo kwenye intaneti, ambazo hazikuwa zikichangia mfuko kama kampuni za nyaya. Sheria ya mwaka 2023 ilifungua mlango wa kuzitoza, na mwaka 2024 tume inayosimamia utangazaji iliamuru zilizo kubwa zitoe asilimia 5 ya mapato yao ya Kanada. Kampuni hizo zikakimbilia mahakamani. Kisima kimoja kinakauka na kingine hakijafunguka. Na katika ukame wanaokufa kwanza ni wenye kata ndogo.

Basi tuirudie methali tuliyoanza nayo. Hatuitupi. Chema chajiuza, ndiyo, penye soko na penye wanunuzi wa kutosha. Lakini wahenga walitupa pia methali nyingine: mwacha asili ni mtumwa. Hawakusema mwacha asili ni mnunuzi asiye na ladha. Walijua kwamba yapo mambo ambayo mtu akiyakosa hapungukiwi mali, hupungukiwa utu. Na jambo linalopunguza utu wa raia haliwezi kuachwa mikononi mwa soko peke yake, hata raia hao wakiwa mmoja katika kila thelathini.

Walimu watakapolisoma neno hili na wanafunzi wao, tungependa wasiishie Kanada. Waulizane: ni sauti gani katika darasa letu hili haijapata kusikika ila kwa kuchekwa? Nani angelipa gharama ili isikike, na kwa haki gani? Na yule anayelipa, je, yuko tayari kusikia jambo asilolipenda? Tukilijibu hili la mwisho kwa ukweli, tutakuwa tumejua kama tulichokusudia ni kumpa mwenzetu sauti, au kumkodi aimbe sifa zetu kwa lafudhi yake.